"Imelipwa" si "Pagato": nilivyoacha kuandika maneno ndani ya msimbo

Bi mkubwa mwenye nyumba ya wageni alinipigia simu usiku, nami niko barazani na kikombe cha kahawa chungu. "Mwanangu, mgeni wangu Mtaliano ashalipa tangu jana. Mbona programu yako yamwambia alipe tena?"

Programu yenyewe ni ya Android, ya kuweka vyumba. Kwa Kiswahili ilitulia. Kilipoingia Kiitaliano (na hapa Malindi hicho si pambo, vijana wa ufukweni wanakiongea kuliko mimi) ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa nimeandika hivi: if (hali == "Imelipwa"). Neno la kumwonyesha mgeni nililikabidhi na kazi ya kuamua. Simu ya Mtaliano ikaleta "Pagato", sharti likaendelea kungoja "Imelipwa", na mgeni akadaiwa mara ya pili.

Sasa hali ya malipo ni enamu, yaani orodha maalumu ya hali zinazoruhusiwa, na kila hali hubeba kitambulisho cha maandishi yake, mfano R.string.hali_imelipwa. Maneno yenyewe yanakaa kwenye faili la strings.xml, ya Kiitaliano ndani ya folda ya values-it. Ukikosea herufi moja kwenye jina hilo, mradi haujengeki. Ukikosea ndani ya alama za kunukuu, utaambiwa na bi mkubwa.

Lakini usilewe mapema. R.string.hali_imelipwa ni namba tu, sawa na kitambulisho cha picha. Funksheni inayopokea Int (namba kamili yoyote) itapokea picha, itapokea hata umri wa mgeni. Weka @StringRes, alama ya kusema hapa pataka kitambulisho cha maandishi tu, kwenye kigezo chako; linti, kile kikaguzi cha msimbo, itakukemea ukipitisha kisichohusika.

Kilichonichosha zaidi ni kuunganisha vipande. Niliandika "Vyumba vilivyobaki: " + idadi, ikapita. Kisha nikataka sentensi ya kibinadamu, nikagonga ngeli: kimebaki chumba 1, vimebaki vyumba 3. Kitenzi chabadilika kichwani, jina labadilika katikati, wala hakuna pa kubandika namba ukasalimika. Kiitaliano nacho vivyo hivyo: è rimasta 1 camera, sono rimaste 3 camere. Dawa ni plurals: andika sentensi nzima ya umoja na nzima ya wingi, kisha uite getQuantityString. Idadi utaipitisha mara mbili, ya kwanza ichague umbo, ya pili ijaze %d, yaani nafasi ya namba ndani ya sentensi. Mimi niliisahau ya pili, mgeni akaona %d yenyewe. Sifuri nayo huangukia wingi, kwa hiyo "Vyumba vimejaa" ipe sharti lake.

Usitegemee nidhamu yako ya saa nane usiku. Kwenye Gradle, chombo kinachoijenga programu, nilizipandisha kanuni mbili za linti, HardcodedText na SetTextI18n, kutoka onyo hadi kosa. Ya kwanza hukagua faili za XML za mpangilio, ya pili hukagua setText. Ujenzi wa kwanza ulinitapikia makosa ya zamani, karibu nikate tamaa. Nikatengeneza lint-baseline.xml: ya zamani yanaorodheshwa humo na kuachwa, jipya likiingia ujenzi unakwama. Usijaribu kuhamisha yote kwa wikendi moja. Mimi nilijaribu, nikavunja ukurasa wa kuingia.

Kama unatumia Compose, yaani unachora skrini kwa msimbo badala ya XML, jua kwamba HardcodedText haioni Text("Karibu"). Hapo itabidi uandike kanuni yako ya linti, au mwenzako awe mkali akipitia msimbo. Sisi tumeanza na ukali, kanuni bado naiandika.

Ile baseline ingali na mistari michache, yote ya ukurasa wa risiti. Bi mkubwa amenikataza kuugusa mpaka msimu wa wageni uishe.