Daktari wa Mifugo Anajibu: Vidonda vya mdomo wa mbwa vinavyopona na kurudi

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninaishi Tabata na ninafuga mbwa mmoja wa ulinzi, dume chotara wa German Shepherd mwenye umri wa miaka minne. Tangu mwaka jana amekuwa akitoka vidonda kwenye pembe za mdomo na kwenye mdomo wa chini. Ngozi huwa nyekundu, manyoya hunyonyoka, kisha panaota magaga yenye harufu kali. Duka la dawa walinipa krimu ya kupaka, na baadaye jamaa mmoja wa mtaani anayetibu mifugo akamchoma sindano. Kila mara anapata nafuu kwa muda mfupi, halafu hali inarudi vilevile, na wakati wa masika huwa mbaya zaidi. Anakula ugali wa dona na dagaa, na siku nyingine vichwa vya kuku. Jirani anasema tatizo ni bakuli la plastiki. Je, ni kweli? Na je, watoto wangu wanaweza kuambukizwa?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba. Barua yako imenieleza karibu kila kitu isipokuwa jambo moja ambalo mimi naliona kuwa ndilo kubwa: hakuna mahali uliposema kwamba ngozi ya mbwa huyo imewahi kuchukuliwa sampuli na kuangaliwa kwa hadubini. Amepakwa na amechomwa, lakini hajapimwa.

Vidonda vya mdomo wa mbwa si ugonjwa mmoja, bali ni mahali ambapo magonjwa mengi hujitokeza kwa sura inayofanana. Bakteria anayeitwa Staphylococcus pseudintermedius huishi kwenye ngozi na midomo ya mbwa wenye afya njema bila kuwadhuru, na fangasi wa jamii ya Malassezia vivyo hivyo. Wote hao hungoja ngozi idhoofike, ama kwa unyevu, ama kwa mzio, ama kwa utitiri, ama kwa mikwaruzo, ndipo wazaliane kupita kiasi. Dawa ya kuua bakteria hupunguza idadi yao na kidonda hukauka, lakini kile kilichoidhoofisha ngozi tangu mwanzo kikiwa bado kipo, watarudi tu, na safari hii huenda wakawa wameshaizoea dawa.

Krimu nayo ina hadithi yake. Krimu nyingi za mchanganyiko zinazouzwa kwa ajili ya binadamu huwa na steroidi kama betamethasoni au klobetasoli ndani yake. Steroidi hutuliza wekundu na muwasho kwa haraka, jambo linalomfanya mwenye mbwa aamini kwamba ameipata tiba, ilhali kinga ya ngozi imeshushwa na vijidudu vimepewa nafasi. Zaidi ya hapo, mbwa huilamba krimu yote, hasa inapopakwa pembeni mwa ulimi wake. Ningekuomba uiweke kando kuanzia leo.

Anza kwa kutazama mwenyewe. Mtu ambaye mbwa amemzoea amshike, kisha wewe uvute mdomo wa chini taratibu kuelekea chini, nyuma kidogo ya chonge. Hapo kuna mkunjo wa ngozi ambao watu wengi hawajawahi kuuona. Kwa mbwa anayekula ugali wa dona na dagaa, mara nyingi utakuta ute wa mate uliochanganyika na unga, manyoya yaliyogandamana, pengine hata kichwa cha dagaa kilichonasa, na chini yake ngozi nyekundu iliyolowa na kuchubuka. Mkunjo huo haukauki wenyewe, na katika miezi ya masika, ambapo hewa ya Dar es Salaam hujaa unyevu mchana na usiku, haupati nafasi ya kukauka kabisa. Hiyo inaweza kueleza kwa nini hali ya mbwa wako hufuata mvua. Ikiwa uwekundu uko ndani ya mkunjo tu na sehemu nyingine za mwili ni safi, basi tatizo lenu kubwa ni unyevu.

Hata hivyo, damu ya German Shepherd inanifanya nifikirie jambo la pili. Mbwa wa jamii hiyo na chotara wao huonekana kupata zaidi maambukizi ya bakteria kwenye mpaka ambapo ngozi yenye manyoya hukutana na utando laini wa mdomo. Midomo huvimba, hupasuka kwenye pembe na kuota magaga, na wakati mwingine pua nayo huhusika. Ugonjwa huu unasikia antibiotiki, lakini una tabia ya kurudi, na wako wanaohitaji kusafishwa midomo kwa maisha yao yote. Yapo pia magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia ngozi yake yenyewe na yanayofanana sana na haya kwa macho. Ndiyo maana kidonda kisichosikia dawa iliyochaguliwa ipasavyo hukatwa kipande kidogo na kupelekwa maabara.

Jambo la tatu ni mzio. Mwangalie mbwa wako vizuri: je, anajilamba nyayo mpaka manyoya yanageuka rangi ya kutu? Anakuna masikio? Anasugua uso ukutani au kwenye zulia? Mdomo ukiungana na nyayo, masikio na sehemu ya haja kubwa, uwezekano wa mzio wa chakula au wa vitu vya mazingira kama vumbi na chavua unapanda sana. Mzio wa chakula hautambuliwi kwa kuacha dagaa siku tatu. Mbwa hupewa chakula ambacho hajawahi kukila, kwa mfano nyama ya sungura na viazi vitamu, kwa muda usiopungua wiki nane, bila kipande cha chapati wala mfupa unaorushwa na mgeni, kisha hurudishiwa chakula cha zamani ili kuona kama muwasho unarudi. Nafahamu jinsi hilo lilivyo gumu katika nyumba yenye watoto, mlinzi na majirani wenye huruma, kwa hiyo sishauri uanze kabla bakteria, fangasi na utitiri havijachunguzwa.

Mpeleke kwa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, na usione haya kumwomba afanye vipimo viwili ambavyo havihitaji mitambo mikubwa. Cha kwanza ni kubandika kipande cha kioo au utepe wa gundi juu ya kidonda na kuuangalia kwa hadubini, ili kuona kama kuna bakteria, fangasi, au vyote viwili. Cha pili ni kukwangua ngozi mpaka damu kidogo ionekane, ili kutafuta utitiri. Kwa kuwa mbwa wako ameshapewa dawa mara kadhaa, kuotesha bakteria na kupima dawa inayowaweza ni gharama ninayoiona kuwa ya haki. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una makao yake makuu hapa hapa Temeke, na daktari wako anaweza kuuliza kuhusu kupeleka sampuli huko.

Wakati huohuo, kata manyoya yaliyo karibu na mkunjo, safisha mara mbili kwa siku kwa kitambaa laini chenye maji ya klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu vya ngozi) yaliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama, kisha ukaushe. Kukausha kuna thamani sawa na kusafisha, nami nimewaona wengi wanaoosha kwa bidii na kumwacha mbwa akiwa amelowa. Msitumie spiriti, haidrojeni peroksaidi wala dawa ya kusafishia sakafu, kwani zinaunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka. Anayesafisha avae glavu, jambo litakalowafaa pia wale ambao kwa imani yao hawapendi kugusa mate ya mbwa. Daktari akiandika antibiotiki za kumeza, fahamu kwamba tiba huhesabiwa kwa wiki, na haikomi siku ambayo magaga yanadondoka. Hukoma baada ya daktari kumwona mbwa tena.

Kuhusu bakuli, jirani ana sehemu ndogo ya ukweli. Mzio wa plastiki upo, lakini ni nadra. Plastiki iliyokwaruzwa na meno huficha uchafu ambao sabuni haiufikii, kwa hiyo badilisha utumie bakuli la chuma kisichoshika kutu na ulioshe kila siku. Ningeangalia pia banda lake, kwa sababu mbwa anayefungiwa mchana kutwa akitafuna wavu wa waya hujijeruhi midomo bila mtu kujua.

Kuhusu watoto, bakteria hawa huwapata binadamu mara chache, na kunawa mikono kunatosha kwa nyumba nyingi. Walio hatari zaidi kwao ni fangasi wa mabaka na utitiri wa upele, kwa hiyo mtoto akianza kujikuna au kutoka mabaka ya duara, mwonyesheni daktari na kumtajia habari za mbwa. Mbwa huyo awe amechanjwa kichaa cha mbwa kabla mtu yeyote hajamshika mdomo. Mbwa anayetoa udenda ghafla, anayeshindwa kumeza au aliyebadilika tabia asifunguliwe mdomo kabisa.

SWALI: Mtoto wa mbwa wetu ana wiki kumi. Juzi aliamka amevimba midomo na kope, na ana vitu kama tezi chini ya taya. Tumeshauriwa kumpaka oili chafu kwa kuwa ni ukurutu. Tufanye nini?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Msimpake. Oili chafu ya gari ina sumu, na mtoto wa mbwa ataimeza yote kwa kujilamba.

Uvimbe wa ghafla wa uso pamoja na tezi katika umri huo unanielekeza kwenye ugonjwa wa watoto wa mbwa ambapo kinga ya mwili yenyewe ndiyo huleta uvimbe na usaha. Tiba yake kuu ni steroidi, na antibiotiki peke yake hazitoshi. Sasa tazameni mtego uliopo: mtoto wa mbwa mwenye utitiri wa Demodex naye hunyonyoka manyoya kuzunguka midomo na macho, ingawa huanza polepole, na huyo akipewa steroidi huharibika zaidi. Dawa inayomwokoa mmoja humwangamiza mwenzake, na kinachowatenganisha ni kukwangua ngozi na kuitazama. Nendeni leo, kwa sababu uvimbe wa namna hiyo ukichelewa kutibiwa huacha makovu ya kudumu usoni. Wala msikubali achomwe ivermektini (dawa ya minyoo na utitiri) ya ng'ombe kwa kukadiria, kwa kuwa kipimo kikizidi huathiri ubongo, na mbwa wa jamii ya Collie na chotara wao huweza kufa kwa kiasi ambacho wengine hukihimili.

SWALI: Mbwa wangu ni mzee wa miaka kumi na moja. Ana kidonda upande mmoja tu wa mdomo wa juu, ananuka mdomo, na antibiotiki zinamsaidia kwa muda. Je, nirudie dozi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Usirudie kabla meno hayajaangaliwa. Kidonda cha upande mmoja kwa mbwa mzee mara nyingi hutoka ndani. Jino kubwa la kukatia la taya la juu likioza mizizi, usaha hutafuta njia na kujitokeza chini ya jicho au pembeni mwa mdomo, nao utakauka kwa antibiotiki na kurudi mpaka jino ling'olewe kwa dawa ya usingizi. Ikiwa meno ni mazima, daktari afikirie saratani, ikiwemo ile inayoambukizwa kati ya mbwa kwa kupandana na kunusana, ambayo wakati mwingine huota puani au mdomoni na ambayo mbwa wengi hupona kwa sindano za vinkristini, dawa ya saratani. Mwombe akate kipande na kukipeleka maabara wakati huohuo mbwa akiwa amelala kwa ajili ya meno, ili asipewe dawa ya usingizi mara mbili.