Shughuli za Utamaduni Darasani: Kichina Kisikae Pembeni

Darasa la Kichina likitumia saa nzima kukata maua ya karatasi nyekundu bila mtu kutamka sentensi moja ya Kichina, hilo limekuwa somo la sanaa. Kabla hujapanga shughuli yoyote ya utamaduni, andika sentensi tatu za Kichina ambazo mwanafunzi hawezi kumaliza shughuli hiyo bila kuzisema. Ukizikosa, tafuta shughuli nyingine.

Pa kuanzia pazuri kuliko pote ni ukoo. Hapa msemaji wa Kiswahili anaingia darasani akiwa na mtaji, na inasikitisha kuona walimu wengi wakiuacha. Baba mkubwa ni bóbo, baba mdogo ni shūshu, shangazi ni gūgu, mjomba ni jiùjiu. Ukieleza maneno haya kwa kupitia Kiingereza, tofauti hizo zinapotea na kila mjomba na kila baba mdogo anaitwa shūshu. Kosa hilo likishazoeleka ni gumu kung'oa.

Wagawe wanafunzi wannewanne, kila kundi na kadi 12: upande mmoja pinyin (Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini) na herufi za Kichina, upande wa pili mtupu. Dakika 10 za kwanza kila mmoja achore mti wa ukoo kwa majina tu, bila vyeo. Dakika 20 zinazofuata wenzake wamuulize mpaka wajue kadi ipi iwekwe wapi: Tā shì nǐ bàba de gēge háishi dìdi? Je, ni kaka wa baba yako au mdogo wake? Kadi isiwekwe kabla swali halijaulizwa na kujibiwa kwa Kichina. Bila sharti hilo watazipanga kimyakimya. Wenye familia ambazo hawataki kuzizungumzia wape ruhusa ya kubuni. Itangaze ruhusa hiyo kwa darasa zima, ili asitambulike nani anaihitaji.

Dakika 10 za mwisho ni za pale lugha mbili zinapoachana. Babu mzaa baba ni yéye, mzaa mama ni wàigōng, na watu wengi wa kaskazini mwa China humwita lǎoye. Neno letu moja la binamu linagawanyika mara nane, kwa kuangalia upande wa ukoo, jinsia, na nani mkubwa: kuanzia tánggē (binamu wa kiume mkubwa, mtoto wa kaka au mdogo wa kiume wa baba) hadi biǎomèi (binamu wa kike mdogo, mtoto wa shangazi au wa upande wa mama). Usiwakaririshe yote nane. Waonyeshe jinsi táng na biǎo zinavyofanya kazi, wataunda mengine wenyewe.

Shughuli ya pili ni zawadi, nayo ina faida kubwa kwa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Weka mezani picha sita: saa ya ukutani, mwavuli, peasi, tofaa, kalamu na majani ya chai. Kila mmoja amchagulie mwenzake zawadi, ndipo ueleze. Kumpa mtu saa, sòng zhōng, kunasikika sawasawa na maneno ya kumuuguza mzazi saa zake za mwisho na kumzika. Kugawana peasi, fēn lí, ni sauti ileile ya kutengana. Mwavuli ni sǎn, kutawanyika ni sàn. Sasa wape kazi: jozi zipi zina toni moja, na zipi zinatofautiana? Za saa na peasi zinalingana kabisa. Ya mwavuli inaachana kwenye toni, kama nne, sì, na kufa, sǐ. Mwanafunzi aliyechoka na mazoezi ya toni huwa makini hapa, kwa sababu toni sasa inaamua maana ya jambo zito.

Kisha waigize kupokea zawadi. Mtoaji anaishika kwa mikono miwili na kusema yìdiǎnr xiǎo yìsi, yaani ni kitu kidogo tu. Mpokeaji anakataa kwa adabu, nǐ tài kèqi le, yaani umezidi ukarimu, halafu anapokea bila kuifungua papo hapo. Panapoharibika ni kwenye kukataa: wanafunzi hutoa bú yào, "sitaki", na mazungumzo yanakufa. Waandikie ubaoni nǐ tài kèqi le na bù hǎoyìsi (naona haya) kabla ya kuanza, na bú yào ipigwe marufuku kwa dakika hizo.

Hatari kubwa ya shughuli zote hizi ni sentensi inayoanza na "Wachina wote". Kuonya peke yake hakutoshi, wape sarufi ya kuikwepa: yǒude rén..., yǒude rén..., baadhi hivi, wengine vile. Kwa mfano, mkesha wa mwaka mpya kaskazini wengi hula jiǎozi (vitumbua vya unga vyenye nyama au mboga ndani), na sehemu nyingi za kusini hupendelea niángāo (keki ya mchele unaonata). Kijana wa mjini anaweza kuifungua zawadi mbele yako, na akisifiwa akajibu xièxie, asante, badala ya nǎlǐ nǎlǐ, jibu la unyenyekevu la vitabuni. Kila taarifa ya utamaduni inayoandikwa daftarini ianze na yǒude rén au hěn duō rén, watu wengi.

Ukipata mgeni Mchina, hata kwa video, maswali ya wanafunzi yasahihishwe siku moja kabla. Yakitungwa papo hapo, mwalimu anageuka mkalimani. Mgeni naye mwombe alete maswali matano ya kuwauliza wanafunzi kuhusu maisha yao, kwa Kichina cha kiwango chao. Hayo usiwaonyeshe mapema, wajibu kwa walichonacho.