Usianze na samaki mgeni, anza na wavuvi

Juzi binti mmoja wa Malindi aliniandikia: "Dada, shikamoo. Nataka kusomea viumbe vamizi vya baharini. Nianzie wapi?" Shikamoo hiyo imenizeesha, lakini marahaba, mdogo wangu. Umeniuliza wakati mzuri: andiko langu la utafiti, la kupanga maeneo ya kulinda bahari ya Lamu huku viumbe vamizi, yaani wageni wanaoingia wakaharibu, wakihesabiwa, limepita mwezi huu, na bado natembea kifua mbele hapa Lamu.

Limepita mara ya pili. Mara ya kwanza mwalimu mmoja wa jopo aliniuliza mbele ya watu: "Huyo samaki mgeni wa Lamu yuko wapi? Mlete tumwone." Ukumbi mzima ukacheka. Nimesamehe, kusahau ndio bado.

Ukingoja mpaka mgeni aonekane, umeshachelewa. Mnawajua kunguru wa Malindi na Watamu, nao ni wageni vamizi: mwaka 2024 serikali ilikuwa ikitangaza mpango wa kuua milioni moja. Na huyo ni ndege, unamwona juu ya paa. Baharini utamtegea wapi?

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, samaki wa Bahari ya Shamu walipata njia ya kuingia Mediterania. Wamo ndugu zake tafi. Sisi tafi tunamkaanga tukamla na wali. Kule mashariki ya Mediterania ndugu zake wamekula mwani mpaka miamba imebaki mitupu. Samaki simba, mwenyeji wa miamba yetu, huko Kupro ni vamizi, na wapiga mbizi wamelazimika kupewa ruhusa maalum ya kwenda kumwinda. Ukiweka mpaka wa hifadhi kwenye ramani, mayai na vifaranga vyake haviusomi.

Hapo ndipo upangaji wa maeneo ya kulinda unapoingia. Bahari unaigawa vipande. Kila kipande unakiandikia viumbe vilivyomo na gharama ya kukilinda, kisha programu kama Marxan inakutafutia mkusanyiko wa vipande unaotimiza malengo yako kwa gharama ndogo. Kiumbe vamizi ndiye anayeharibu hesabu. Je, vipande alivyokwisha kuvishika uvikwepe, au uvitangulize ili umtoe? Majibu hayo mawili yanatoa ramani mbili tofauti kabisa, na lazima useme umechagua lipi na kwa nini.

Mimi jibu nililipata kwa wavuvi. Msimu wa kusi, mashua nyingi zimelala, nilikaa na manahodha wakanichorea wanakovua: Manda, Mkanda, mpaka Kiwayu. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na meli kubwa huja na vijidudu katika maji ya farumi, yale inayobeba tumboni ili itulie baharini, na ubavuni. Mkataba wa kimataifa wa maji hayo unatumika tangu Septemba 2017, lakini haugusi kilichogandamana na ubavu wa meli. Nahodha mmoja mtu mzima aliniambia: "Mwanangu, pale penye meli samaki nishawakosa. Usinifungie tena. Weka mtu wa kuangalia."

Nikaongeza aina ya tatu ya kipande: si cha kufunga, si cha kukwepa, ni cha kuangaliwa kila msimu, na waangalizi wawe wavuvi wenyewe. Gharama yake ni ndogo kwa sababu hakuna anayenyang'anywa riziki. Jopo lile lile likatikisa vichwa kwa kukubali. Yule mwalimu safari hii hakuuliza kitu.

Kwa hiyo ushauri wangu: kaa na wavuvi. Jifunze QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure. Halafu rudi ukakae na wavuvi. Vijana wa pwani tuna tabia ya kungojea mradi wa wageni uje utuajiri kuhesabu samaki wetu, kisha tunalalamika jina letu halimo kwenye ripoti. Ramani ya bahari hii iko vichwani mwa baba zetu, na sisi tunaipita barazani tukienda kutafuta mtandao! Inaniudhi.

Wewe una bahati, Malindi na Watamu mna hifadhi za bahari tangu 1968. Chukua mipaka yake, uitie kwenye QGIS, kisha nenda Mayungu ukaulize watu wanavua wapi na wameacha kuvua wapi. Ukikwama kwenye gharama niandikie, hapo ndipo wengi wanapotoa machozi. Kwingine utajisaidia.