Kitambaa cha rozela kinabadilika rangi kikifuliwa

Swali: Fundi, natia rangi vitambaa vya pamba kwa maua ya rozela. Vinatoka vyekundu vizuri, lakini mteja akifua kwa sabuni ya mche, wekundu unageuka bluu ya kijivu. Nimeongeza chumvi, nimeongeza siki, wapi! Nakosea nini? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Ndugu yangu, upishi wako hauna kasoro. Wekundu wa rozela unatokana na anthosianini, yaani rangi ya asili ya mimea, na hiyo hubadilika kufuatana na asidi ya maji. Kwa kipimo cha pH (7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni kama sabuni na magadi), chini ya 3 hivi ni nyekundu, na rozela ina uchachu wake wa kutosha kufika hapo. Ikikaribia 7 inakuwa zambarau iliyofifia, ikipita 8 inaelekea bluu na kijani. Sabuni ya mche huwa na pH ya 9 hadi 10.

Chukua kitambaa kimoja kilichoharibika, kisuuze mpaka sabuni iishe, halafu kidondoshee ndimu. Pale tone lilipoangukia patarudi pekundu. Siki nayo hufanya hivyo hivyo: inarudisha wekundu, haiushikizi kwenye uzi, na maji ya kusuuzia yanaondoka nayo. Chumvi inasaidia baadhi ya rangi za dukani. Kwa rozela haina kazi.

Manjano nayo ina tabia hii, na wafuaji wanaijua. Doa la mchuzi kwenye kanzu nyeupe ukilipaka sabuni linakuwa jekundu palepale, ukisuuza njano inarudi. Tofauti ni kwamba manjano hung'ang'ania pamba kweli. Adui yake ni jua.

Ukiona lazima iwe rozela, tanguliza shabu, chumvi ya madini inayoshikiza rangi kwenye uzi: gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu, kitie kwenye maji ya moto kwa saa moja. Utapata zambarau badala ya nyekundu, itavumilia kidogo, na jua bado litaififisha. Mimi nisingemuuzia mteja. Badala yake, chemsha maganda ya vitunguu maji utie rangi kwa hayo. Kitambaa kikiwa kimelowekwa kwanza kwenye chai ya rangi nzito, kisha shabu, utapata njano ya dhahabu hadi kahawia. Uliza sokoni, maganda hayo hutupwa.

Rozela yako ipeleke kwa walimu wa kemia, itawafaa kwa karatasi za kupimia. Loweka karatasi ya chujio kwenye maji ya rozela, ianike kivulini, ikate vipande. Ukiichovya kwenye maji ya magadi au ya majivu inageuka mara moja. Kwa ndimu usitarajie kitu, maana imeshakuwa nyekundu tangu mwanzo. Anayetaka kupima asidi pia atumie kabichi ya zambarau. Maji yake usiyachemshe muda mrefu, moto na mwanga huyafanya ya kahawia. Yaweke kwenye friji, au yachanganye na spiriti ukifikiria kuyakalisha wiki kadhaa.