Maswali ya Wasomaji: Mtafiti wa Programu Akishatoka Kazini

Mwezi uliopita nilieleza katika safu hii jinsi sisi watafiti wa programu za kompyuta tunavyoshinda kutwa tukisaka hitilafu katika msimbo ulioandikwa na wengine. Barua nyingi zilizofuata hazikuulizia kazi hiyo, bali ziliulizia ninachofanya nikishatoka kazini. Nimechagua nne.

Swali: Ndugu mtafiti, mtu anayekaa mbele ya kompyuta saa nane kila siku hupumzika vipi? Nadhani ukifika nyumbani hutaki hata kuiona simu.

Jibu: Simu naitumia kama watu wengine, lakini burudani ninayoipenda kuliko zote haihitaji umeme: ni karatasi ya miraba, penseli na kifutio. Mwaka 1970 mwanahisabati Mwingereza John Conway alibuni Mchezo wa Uhai, ambao hauna mchezaji wala mshindi. Kila mraba ama uko hai ama umekufa, na kila mmoja una majirani wanane. Mraba ulio hai wenye majirani hai wawili au watatu huendelea kuishi katika kizazi kinachofuata. Wakipungua hufa kwa upweke, wakizidi hufa kwa msongamano. Mraba uliokufa hupata uhai endapo majirani wake walio hai ni watatu kamili. Kanuni zote zimekwisha hapo.

Sasa weka alama kwenye miraba mitatu iliyofuatana kwa mlalo. Ongeza mmoja juu ya ule wa kulia kabisa, kisha mwingine katika safu ya juu zaidi, ukilingana wima na ule wa katikati. Hesabu majirani, chora kizazi kipya, rudia. Baada ya vizazi vinne utalikuta umbo lilelile, ila limesogea mraba mmoja kwa mshazari, chini kuelekea kulia. Nimelichora umbo hilo kwa miaka mingi, na bado kizazi cha nne kikitimia hunisisimua, kwa kuwa katika kanuni zile hakuna hata moja iliyotaja kutembea.

Lipo umbo jingine la miraba mitano, liitwalo R-pentomino, ambalo hutulia baada ya vizazi 1,103. Nilipolijaribu kwa mkono nilivuka kizazi cha 60, ndipo nikaona kwamba upande mmoja wa mchoro ulikuwa umeharibika. Nilirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, kama ninavyofanya kazini, hadi nikakuta katika kizazi cha 41 mraba mmoja ambao nilikuwa nimeuhesabia majirani watatu ilhali walikuwa wanne. Nilifuta yote yaliyofuata na kuanza tena kutoka pale, na jioni ile ni miongoni mwa jioni nzuri nilizowahi kuwa nazo.

Swali: Na mtandaoni je? Ni kitu gani kinachokupotezea muda zaidi?

Jibu: Niruhusu nitenganishe kinachochukua muda wangu kwa ridhaa yangu na kinachouchukua bila ridhaa. Kwa ridhaa, ni ensaiklopidia ya mifuatano ya namba kamili, ambayo mwanahisabati Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964 akiwa bado mwanafunzi, akaichapisha kama kitabu mwaka 1973, kisha ikaingia kwenye intaneti mwaka 1996. Leo ina mifuatano zaidi ya 370,000. Unaandika namba chache ulizokutana nazo, nayo inakuambia zinajulikana wapi. Andika 1, 2, 5, 14, 42, na utaambiwa kwamba zinahesabu njia za kupanga jozi za mabano yaliyofungwa sawasawa, jambo ambalo mwandishi yeyote wa programu hulikuta kila siku. Utaambiwa pia kwamba namba hizohizo zinahesabu njia za kukata umbo la pembe nyingi liwe pembetatu tupu kwa mistari isiyokatana inayounganisha pembe zake: umbo la pembe nne kwa njia 2, la pembe tano kwa njia 5, la pembe sita kwa njia 14. Mabano na pembetatu zina undugu gani? Kuutafuta undugu huo kumewahi kunimalizia Jumamosi nzima, na sikujuta.

Bila ridhaa, ni sataranji ya dakika tatu. Ukishindwa, kitufe cha kuanza mchezo mwingine kinatokea palepale kidole kilipo, na hasira ya kumpoteza malkia kizembe haikuachi uende kulala. Nilikuwa nikicheza hadi saa saba za usiku bila kujifunza lolote. Tangu hapo napima burudani kwa kuuliza kama ina mahali pa kuishia. Karatasi hujaa, na fumbo hufumbuliwa, lakini orodha inayojiongeza kila unapoisogeza haikufikishi popote. Michezo ya kasi nimeiacha. Nimebaki na fumbo moja la sataranji kwa usiku, kete nikizipanga kwenye ubao wa mbao, simu ikiwa chumba kingine.

Swali: Je, ni kweli kwamba programu kubwa zimewahi kuzaliwa kutokana na michezo, au hayo ni maneno ya kuwaridhisha waajiri?

Jibu: Ni kweli, na mfano ninaoupenda ni wa Ken Thompson, mwandishi wa programu katika maabara ya utafiti ya Bell Labs nchini Marekani. Mwaka 1969 aliandika mchezo wa kuendesha chombo cha angani kati ya sayari, lakini kuucheza mara moja tu kwenye kompyuta kubwa kuligharimu takribani dola 75 za muda wa mashine. Akapata kompyuta ndogo ya PDP-7 iliyokuwa haitumiki sana, akauhamishia mchezo huko akisaidiwa na mwenzake Dennis Ritchie, na katika kuizoea mashine hiyo akaanza kujenga juu yake mfumo endeshi, yaani programu inayoiongoza kompyuta nzima, uliokuja kuitwa Unix. Hata hivyo, mfano huu usitumiwe kama kisingizio. Thompson tayari alikuwa na muundo wa mfumo wa mafaili kichwani. Mchezo ulimpa sababu ya kuifahamu mashine.

Swali: Binti yangu ana miaka 12, anapenda hesabu, lakini hatuna kompyuta. Aanze na nini?

Jibu: Mpe daftari, mzazi mwenzangu. Achague namba yoyote kamili kuanzia 1: ikiwa shufwa, aigawe kwa mbili, ikiwa witiri, aizidishe kwa tatu kisha aongeze moja, halafu aendelee hivyo na jibu analopata. Mjerumani Lothar Collatz alilitoa swali hili mwaka 1937, na hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba kila namba itafika 1. Aanze na 26, ambayo hufika kwa hatua 10 tu, ili aizoee njia. Kisha ajaribu 27 peke yake, bila kusaidiwa, akizipa hatua namba pembeni mwa ukurasa. Asichoke inapopanda hadi 9,232 katika hatua ya 77, kwa sababu hapo ndipo kileleni, na zimebaki hatua 34.