Muulize Mzee wa Keko: Kaka anataka kuuza viti vya babu

SWALI: Shikamoo Babu. Marehemu babu yetu alituachia fleti Upanga, na ndani yake viti vinne vya mbao vyenye miguu myembamba na mito ya kuchomoa. Kaka anataka viuzwe tununue sofa za kisasa. Pia anataka kuziba ukuta wa matofali ya matundu pale ngazini, eti unaingiza vumbi. Roho inaniuma. Nimwambie nini? – Mjukuu, Upanga

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kabla hamjagombana, pindua kiti kimoja miguu juu. Ukikuta ulimi wa mbao umezama kwenye tundu lake, hakuna msumari, jua aliyekitengeneza alikuwa na patasi kali na hakuwa na haraka. Kama mbao ni nzito na ina wekundu, yaelekea ni mninga. Aulize kaka bei ya mninga leo hapa Keko, kisha aniambie. Hizo sofa anazozitaka nimezifumua nyingi: chini ya kitambaa ni mbao laini, pini na maboksi.

Mikanda ya mpira inayobeba mito lazima itakuwa imelegea. Fundi akukatie mpira wa tyubu ya gari, auvute sawasawa ndipo apigilie. Msasa uwe wa mkono, kufuata nyuzi za mbao. Mashine, hapana! Niliwahi kuletewa kabati la vyombo la vinia, yaani lililogandishwa ngozi ya mbao nzuri juu ya mbao ya kawaida, nikawasha mashine huku napiga soga. Vinia ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikatokeza upande wa pili. Mwenye kabati hakunisalimia tena mpaka akahama mtaa.

Ukuta wa matundu msiuguse. Wasanifu wa miaka ya 1950 na 1960 hawakutegemea kiyoyozi. Walielekeza pande ndefu za jengo kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la alasiri ligonge kuta fupi, na upepo wa bahari wakauachia njia. Kaka akiziba, ataulipia upepo huo kwa umeme wa Luku. Vumbi ni brashi na ndoo ya maji kila Jumamosi, basi.

Jumapili mchukue mkatembee, aone kazi za wasanifu hao. Anzieni Chang'ombe, kwenye shule ya St Xavier's aliyoichora Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar wa mwaka 1921 aliyesomea Bombay akarudi nyumbani. Kisha Kariakoo, soko la 1974 alilolichora Beda Amuli, lile lililoungua Julai 2021: simameni mtazame paa, miavuli ya zege iliyobinuliwa ikinga mvua. Mkiwa bado na nguvu, kwenye jengo la kale la Old Boma kuna DARCH, kituo cha urithi wa majengo ya jiji.

Akishikilia kuuza, vipitishe kwangu kwanza. Kimoja nakitaka mwenyewe.