Guangzhou ni mbali kiasi gani? Kwa mnaoanza kazi ya tiketi

Mfanyabiashara wa Kariakoo akikuuliza Guangzhou ni mbali kiasi gani, hataki kilomita. Anataka kujua atakaa hewani saa ngapi na atatua usiku au mchana. Kilomita zijue wewe, maana ndizo zitakazokushtua ukiletewa ratiba ya ajabu.

Kutoka Dar moja kwa moja ni kama kilomita 8,700. Ukipitia Dubai ni 4,000 halafu 5,800, jumla 9,800. Ukipitia Addis Ababa, jumla ni karibu ile ile. Kwa hiyo usimshawishi mtu kwamba njia mojawapo ni ya mkato. Mtazamie muda wa kusubiri ndege ya pili, hapo ndipo safari inaporefuka. Nauli nayo haifuati kilomita hata kidogo, ila hayo utayazoea mwenyewe.

Angalia na kipimo. Maili ya kawaida ni kilomita 1.609, ya baharini, wanayotumia marubani, ni 1.852. Guangzhou kwa maili za baharini ni kama 4,700. Sasa, Dar hadi Mumbai ni kama kilomita 4,700! Ukinakili namba bila kipimo chake, umeihamishia China India.

Ramani ya ukutani isikudanganye. Kwa rula, ndege ya Dubai kwenda Los Angeles ungeipitisha Afrika na Atlantiki. Chukua tufe la dunia, vuta uzi kati ya miji hiyo: unapanda kaskazini hadi karibu na Ncha ya Kaskazini, kilomita kama 13,400. Marubani huweza kukwepa anga fulani au upepo mbaya, hivyo umbali unaosoma ni wa chini kabisa.

Kinachowasumbua wengi ni saa. Guangzhou imetutangulia saa 5. Tuseme tiketi inasema kuondoka Dar 10:00, kufika 02:00 kesho yake. Mgeni wa kazi anahesabu saa 16. Toa 5, zinabaki 11, na kwa kilomita 8,700 hapo panaeleweka. Kurudi unajumlisha: kuondoka 04:00 na kufika Dar 10:00 si saa 6, ni 11. Ukipata saa 7 kwa umbali huo, umekosea mahali, rudia.

Halafu usimsomee mteja tiketi kama ilivyo. Ukimwambia "saa mbili" kwa sababu umeona kuondoka 02:00, atakuja asubuhi ndege imeshaondoka. Hiyo ni saa nane usiku. Na ikiwa ni 02:00 ya Jumapili, anatoka nyumbani Jumamosi. Mwandikie kwa kalamu juu ya karatasi yake: uwe uwanjani Jumamosi, saa tano usiku, Jengo la Tatu (Terminal 3).